Vijiti vimejaa, intaneti haitembei

Mwezi huu meseji za intaneti ya simu zimekuwa nyingi kuliko za kitu kingine chochote, na nilipokaa kuzisoma zote kwa pamoja nikaona karibu kila mtu ameshatoa hela kabla hajaniandikia, au yupo mbioni kutoa. Kuna aliyenunua bando mara tatu ndani ya wiki moja, kuna anayetaka kuuza simu nzima, kuna aliyefuta kila kitu kwenye simu yake. Inaniuma kwa kweli, maana kwa watu wengi hela ya bando ndo ile ile hela ya mboga. Kwa iyo majibu ya leo yanazunguka jambo moja, ujue kwanza imekwama wapi: kwenye simu, hewani kati yako na mnara, kwenye mnara wenyewe, kwenye bando, au mbali huko ambako mimi na wewe hatufiki. Ukishajua ndo unaamua kama kuna haja ya kutoa hela, na mara nyingi haipo.

SWALI, kutoka Mbagala, Dar es Salaam

Fundi habari, mimi nauza nguo za mtumba gredi A, nauzia Instagram na stetasi za WhatsApp. Simu yangu inasoma 4G vijiti vyote vimejaa lakini ikishafika saa mbili usiku picha moja inazunguka robo saa nzima na muda huo ndo wateja wangu wote wapo hewani. Wiki iliyopita nimeweka bando mara tatu nikijua lile la kwanza lina shida. Sasa naambiwa nibadili simu. Nibadili?

JIBU

Usibadili dada yangu, simu yako haina kosa.

Vile vijiti vya juu kwenye skrini vinakuonesha kitu kimoja tu, simu yako inausikia mnara kwa nguvu kiasi gani. Havikwambii mnara una nafasi au hauna. Wewe wa Mbagala hili utalielewa haraka: umesimama Rangi Tatu asubuhi, gari lipo mbele yako kabisa, konda anaita Kariakoo Kariakoo, ila watu wananing'inia mlangoni. Kuliona gari sio kupata siti.

Tupige hesabu kidogo. Upande mmoja wa mnara wa 4G wenye masafa mapana ya megahezi 20 na antena za kawaida mbili kwa mbili, kwenye makaratasi mwisho wake ni megabiti 150 kwa sekunde, na hapo ni hali bora kabisa ambayo mtaani huipati. Hizo 150 sio zako, ni za kila mtu aliyepo upande huo wa mnara. Video ya YouTube ya 720p inataka kama megabiti 2.5. Maana yake watu 60 tu wakifungua video kwa pamoja wameshaumaliza mnara, na Mbagala saa mbili usiku watu wametoka kazini, wamekula, wamejilaza na simu, hao sio 60. Ndo maana bando la pili na la tatu halikusaidia kitu, bando jipya linakurudisha kwenye foleni ile ile ya mnara ule ule.

Alafu wewe una mzigo wa ziada ambao mtu anayeangalia tu video hana. Wewe unapandisha. Mnara unatuma kwa nguvu ya makumi ya wati, simu yako mwisho wake ni kama wati 0.2, yani ni sawa na mtu mwenye spika anaongea na mtu anayenong'ona. Kushusha kunakuwa rahisi, kupandisha kunasumbua, na mnara ukiwa umejaa kunasumbua mara mbili. Na angalia hapa watu wengi wanapochanganya: spidi inapimwa kwa megabiti ila picha inapimwa kwa megabaiti, na megabaiti 1 ni megabiti 8. Picha yako ya MB 4 kwenye spidi ya megabiti 1 inakula sekunde 32 mambo yakiwa mazuri. Ukipandisha picha kumi za nguo kwa mkupuo hapo tayari ni zaidi ya dakika tano.

Kabla ya kuniamini mimi, pima mwenyewe. Kaa sehemu ile ile ndani ya nyumba, pima spidi saa 11 alfajiri, saa 7 mchana na saa 2 usiku, uandike kwenye daftari. Usipime hovyo hovyo maana kwenye 4G inayokimbia kipimo kimoja kinaweza kula zaidi ya MB 50, mara tatu kwa siku, siku mbili, inatosha. Kama alfajiri inakimbia na usiku imekufa, ni msongamano. Kama ni mbovu saa zote, tuandikiane tena.

Sasa ufanyeje. Stetasi ya WhatsApp inakaa saa 24. Ukiiweka saa 11 alfajiri, mteja anayefungua simu saa mbili usiku anaikuta, wala hajui umeiweka saa ngapi, kwa iyo hamishia kazi yote ya kupandisha alfajiri na usiku ubaki na kujibu meseji tu, maandishi ni mepesi sana yanapita hata kwenye msongamano. Zima pia ile ya kutuma picha kwa HD. Ikilazimika usiku, ingia setingi kwenye mtandao wa simu uchague 3G badala ya 4G kwa muda, kuna maeneo watu wote wamehamia 4G na 3G imebaki wazi, sio kila sehemu ila kujaribu ni bure. Na kabla hujanunua laini ya mtandao mwingine muombe jirani mwenye laini hiyo akufungulie hotspoti dakika mbili saa hiyo hiyo ya saa mbili usiku, sio mchana, mchana kila mtandao ni mzuri.

Lile daftari usilitupe. Ukiwapigia kampuni ya simu na kusema tu intaneti ipo slow watakwambia zima uwashe. Ukiwaambia mtaa fulani, tarehe fulani, saa 2 na dakika 15, kushusha kiasi hiki kupandisha kiasi hiki, siku mbili mfululizo, hapo wana kitu cha kufanyia kazi. Wasipokujibu ndo unapeleka malalamiko TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ni haki yako kabisa kama mteja.

SWALI, kutoka Lushoto, Tanga

Mwanangu, mimi ni mwalimu mstaafu, naishi huku milimani. Ndani ya nyumba simu inasoma E au inapotea kabisa, nikitoka mpaka kwenye migomba inasoma 4G vijiti viwili. Mvua ikinyesha ndiyo hakuna kitu. Kijana mmoja anataka kuniuzia kifaa cha kuongeza mtandao kwa shilingi laki tatu. Nikinunue?

JIBU

Shikamoo mwalimu. Naomba usikinunue.

Vifaa vya kurudia mawimbi ya simu vinatakiwa viwe na kibali, sio kitu cha kununua mkononi na kufunga tu. Kikiwa kibovu au hakikufungwa vizuri kinapiga kelele kwenye mawimbi ya mnara na kuwaharibia majirani wote, na mwisho unaulizwa wewe mwenye nyumba, yule kijana hayupo.

Tuanze na mabati. Bati ni chuma, na chuma inarudisha mawimbi nyuma kama kioo kinavyorudisha mwanga. Hapo ongeza mlima uliosimama kati yako na mnara. Ile E unayoiona ni intaneti ya 2G, imekuja kwa sababu mawimbi ya masafa ya chini yanasafiri mbali na kupenya ukuta vizuri kuliko ya juu. Hata 4G yenyewe ipo ya aina mbili, ya masafa ya chini kama megahezi 700 na 800 inayofika mbali, na ya 1800 na kuendelea inayobeba vingi ila inachoka haraka. Kwa iyo mwalimu shida yako ipo hewani, mita chache tu, kati ya migomba na sebule.

Fungua setingi, nenda kuhusu simu, alafu hali ya laini, utaona namba yenye alama ya kutoa na herufi dBm mbele yake. Kwa 4G, ikiwa -85 hivi ni nzuri, -100 inaenda, ikifika -115 ni shida. Hiyo namba sio kama ya mizani ya sokoni, kila ikishuka 10 nguvu imepungua mara kumi, yani -105 ina nguvu moja ya kumi ya -95. Tembea nayo nyumba nzima taratibu, chumba kwa chumba, kila dirisha, uandike. Utashangaa dirisha moja linavyozidi lingine. Lile linaloshinda ndo la upande wa mnara, hapo weka simu moja ya zamani yenye laini, iwe imechomekwa kwenye chaji, iwashie hotspoti, alafu simu unayotumia unakaa nayo popote ndani kwa Wi-Fi ya hiyo ya dirishani. Laki tatu yako imebaki mfukoni. Ukitaka kizuri zaidi siku za mbele kuna ruta za laini zenye tundu la antena ya nje, antena unaipandisha kwenye mlingoti juu ya bati ikiangalia mnara na waya unashuka ndani, hiyo ni tofauti na kile kifaa cha kijana kwa sababu inakuhudumia wewe tu.

Kuhusu mvua. Mawimbi ya simu yako yenyewe hayasumbuliwi sana na mvua. Ila minara mingi ya vijijini haijafikiwa na mkongo, yani ule waya mkubwa wa intaneti, inaunganishwa mnara kwa mnara kwa masahani ya microwave, yale ya duara unayoyaona yamefungwa ubavuni, na hayo masafa yake ni ya juu sana kiasi kwamba matone makubwa ya mvua yanayameza. Kwa iyo vijiti vinaweza kubaki vile vile viwili na intaneti ikawa haipo, kwa sababu mnara unakusikia ila wenyewe umekatika huko nyuma. Umeme nao ukikatika mnara unaishi kwa betri au jenereta, betri ikichoka na wenyewe unazima. Hapo subiri tu mwalimu, hakuna cha kugusa kwenye simu.

SWALI, kutoka Morogoro

Oya fundi, nipo chuo mwaka wa pili, nimechukua simu yuzdi imetoka Marekani ni kali sana kamera ya maana ila haijawahi kusoma 4G hata siku moja, ni H+ tu, yani 3G, rumeti wangu ana simu ya bei chee laini ya mtandao huo huo na anasoma 4G kitanda cha pili. Nimeweka na VPN ya bure nimeambiwa inaongeza spidi lakini naona ndo imezidi kuwa nzito.

JIBU

Mdogo wangu hapa hewa na mnara tumeshavitoa, rumeti wako amekusaidia bila kujua. Kimebaki laini au simu.

Chomoa laini yako weka kwenye simu ya rumeti. Ikisoma 4G, laini ni nzima na shida ni simu. Ikigoma hata huko, laini yako ni ya zamani, ile iliyotoka kabla ya 4G, nenda duka la mtandao wako na kitambulisho cha NIDA wakubadilishie, namba inabaki ile ile. Hii iliwahi kunitokea mwenyewe, nilikaa na laini ya zamani miezi mingi nalipia bando la 4G na simu ya 4G na kutumia 3G, na hakuna aliyeniambia.

Kama laini ni nzima, angalia tundu. Simu nyingi za laini mbili za miaka ya nyuma tundu moja ndo linashika 4G, la pili linaishia 3G au hata 2G. Hamisha. Bado? Angalia setingi za mtandao wa simu kama imechaguliwa 3G, wauzaji wa yuzdi wanachezea sana hapo wakati wa kujaribu. Kwenye Android nyingi ukipiga *#*#4636#*#* inafunguka kurasa ya siri ambayo unachagua aina ya mtandao, ila usiguse vitu vingine humo. Angalia na APN pia, hayo ni majina ya mlango simu inaotokea kwenda intaneti, simu iliyofungwa kwa mtandao wa nje inaweza kuja na APN za kwao, zifute urudishe za mwanzo au waombe mtandao wako wakutumie meseji ya setingi.

Ukimaliza yote hayo na bado ni H+, basi simu yako haina masafa yanayotumika huku. Neno 4G kwenye boksi halitoshi, 4G ina bendi nyingi na kila nchi ina zake. Huku kwetu bendi ya 20, yani ile ya megahezi 800, inatumika sana, na baadhi ya simu zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani au Japani hazina bendi hiyo. Simu itakuwa kali, kamera itakuwa kali, ila kipande hicho hakipo na hakuna fundi wa kukiweka kwa programu, atakayekwambia anaweza anakula hela yako. Angalia namba kamili ya modeli nyuma ya simu au kwenye setingi, itafute na orodha ya bendi zake. Na wengine mnaosoma hapa, hii muifanye kabla ya kulipa, muuzaji akikataa usiweke laini yako na kuona 4G kwa macho yako hapo hapo dukani, ondoka.

VPN itoe. Haiwezi kukuongezea spidi ambayo mnara haujakupa. Badala ya kwenda moja kwa moja, data yako inapelekwa kwanza kwenye kompyuta ya hao watu, mara nyingi ipo Ulaya au Marekani, ndo irudi, na za bure zimejaza watu wengi kwenye kompyuta chache. Na hujui wanachofanya na mambo yako yanayopita humo. Alafu kumbuka Oktoba 2023 TCRA walitoa tangazo la kuwataka wanaotumia VPN wajisajili, kwa iyo kuna na upande huo wa sheria.

SWALI, kutoka Mwanza

Kila ukurasa ninaofungua unakaa mweupe sekunde kumi hivi kama imekufa, alafu ghafla unafunguka wote kwa mpigo. Video ikishaanza haikati. Hii ni nini?

JIBU

Umeeleza vizuri sana. Spidi unayo, kinachochelewa ni simu kutafuta anuani. Ukiandika jina la tovuti simu inauliza kwanza DNS, yani kitabu cha anuani cha intaneti, jina hili lipo namba ngapi, ndo iende. Ingia setingi za mtandao tafuta DNS ya faragha, kuna uwezekano mkubwa wewe au mtu aliandika jina la DNS ya kuzuia matangazo na hiyo DNS ipo mbali au imechoka. Rudisha iwe otomatiki.

SWALI, kutoka Kitengela, Kenya

Sasa fundi, mimi ni mtu wa boda. Nina bundles za mwezi zile za anlimitedi, wiki mbili za kwanza ni fasta sana, kutoka tarehe 18 hivi ramani kwa apu ya kazi inakataa kufunguka. Nilienda kwa duka wakasema laini iko sawa. Wananiibia ama?

JIBU

Ndugu yangu, kilichonifungua macho ni hiyo tarehe. Kitu kinachoharibika kila mwezi tarehe zile zile na kupona mwezi ukianza upya sio mnara, ni bando. Bando nyingi za anlimitedi zina kikomo kilichoandikwa kwa maandishi madogo, ukishatumia GB kadhaa hawakukatii ila wanakushushia spidi mpaka mwezi uishe. Tafuta masharti ya bando lako usome hiyo GB ni ngapi, alafu ingia setingi uone umetumia ngapi tangu mwezi uanze. Sioni kama ni sawa kuliita jina hilo kitu chenye kikomo, na wangekwambia pale dukani badala ya kukurudisha, ila kwa sasa cha kufanya ni kujua nani anakumalizia hizo GB. Uliza nyumbani nani anatumia hotspoti yako jioni. Nimeona nyumba nyingi ambazo baba analalamika na watoto wanaangalia katuni kwa simu yake.

Pakua ramani ya Google ya Kitengela, Athi River na Nairobi ukiwa kwa Wi-Fi ili uweze kuifungua bila data. Haitaingia ndani ya apu ya kazi, hiyo ina ramani yake, lakini mteja akikwambia anapoenda utaitafutia njia huko.

Na simu umeifunga wapi? Kama ipo kwa hendeli, juani, ndani ya ule mfuko wa plastiki, inapika. Apple wanasema iPhone itumike kati ya nyuzi 0 na 35, na juani ndani ya plastiki inapita hapo haraka. Simu ikipata moto inajipunguzia kasi yenyewe ili isiharibike na wewe unadhani ni network. Itie kivulini dakika kumi ujaribu tena kabla ya kulaumu mtu.

SWALI, kutoka Kigoma

Mwanangu yupo kidato cha pili, simu yake GB 1 inaisha siku moja na bado anasema intaneti nzito. Anadanganya?

JIBU

Hadanganyi mama. Simu yenyewe inakunywa kimya kimya. Ingia setingi, matumizi ya data, utaona apu zimepangwa kwa anayekula zaidi. Mara nyingi ni grupu za WhatsApp zinazojishushia video zenyewe, zima hiyo, iwe anabonyeza anayotaka tu. Play Store iambie ifanye apdeti kwa Wi-Fi peke yake. Picha zinazojipandisha Google nazo vile vile. Hivi vyote vinapita kwenye bomba moja jembamba na yeye anapofungua notisi za shule anakuta bomba limejaa, ndo huo uzito. Washa na kiokoa data. Kama simu imebaki na nafasi chini ya GB 1 afute video, simu iliyojaa kila kitu kwake ni kizito hata bila intaneti.

SWALI, kutoka Dubai

Natokea Tanga, nafanya kazi huku. Meseji na picha za WhatsApp zinaenda fasta kwa mama yangu lakini nikimpigia video haiunganishi kabisa. Nimebadili simu.

JIBU

Pole dada, hiyo simu ungeiacha. Picha ikienda fasta intaneti ni nzima. Umoja wa Falme za Kiarabu wanazuia simu za sauti na video za WhatsApp, ni utaratibu wa nchi. Kuna apu zilizopewa ruhusa huko, BOTIM ni mojawapo, mtu wa nyumbani amuwekee mama kwenye simu yake na amfundishe kupokea. Sauti zile za kurekodi kwenye WhatsApp zinapita kama meseji ya kawaida, kwa iyo hata leo anaweza kukusikia.

SWALI, kutoka Mtwara

Fundi, mwezi wa tano 2024 intaneti ilikufa siku kadhaa, mimi nikajua simu yangu imeingia kirusi. Kijana wa kibanda cha simu akaniambia tuifanyie riseti nikakubali. Picha zote za marehemu baba zilikuwa humo. Intaneti haikurudi siku hiyo na picha nimezikosa mpaka leo. Kuna namna?

JIBU

Pole sana ndugu yangu. Nimeisoma yako mara nyingi kuliko zote.

Simu yako haikuwa na kirusi. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine za ukanda huu kwa pamoja. Seacom ilianza kazi mwaka 2009 na EASSy 2010, kabla ya hapo tulikuwa tunategemea setilaiti zilizopo kilomita kama 36,000 juu, wakubwa wanakumbuka jinsi ukurasa mmoja ulivyokuwa unafunguka. Waya wenyewe kule kwenye kina kirefu ni mwembamba kama bomba la kumwagilia bustani, na ndani yake zipo nyuzi za kioo kama unywele. Na miezi mitatu nyuma, Februari 2024, nyaya tatu zilikuwa zimekatika Bahari ya Shamu, mojawapo hiyo hiyo Seacom, kwa iyo njia ya kaskazini ilikuwa imeshapungua pale ya kusini ilipokatika. Kutengeneza ni mpaka meli maalumu ifike, ivute waya juu, iunge. Hakuna simu ya Mtwara ambayo ingeponyesha hilo.

Nawaambia na wengine: intaneti ikifa ghafla, kabla hujagusa chochote muulize mtu mwenye mtandao tofauti na wako. Kama mitandao yote imekufa kwa pamoja, kaa na simu yako. Na riseti, yani ile ya kufuta kila kitu, kwa tatizo la intaneti nzito iwe ya mwisho kabisa baada ya picha kuwa sehemu mbili. Ipo riseti nyingine ya setingi za mtandao tu, hiyo haigusi picha, inafuta Wi-Fi ulizohifadhi, vifaa vya bluetooth na setingi za laini. Kijana alitakiwa aanze na hiyo.

Sasa picha za baba. Sitaki kukupa tumaini la uongo, simu za miaka hii zinafungia data kwa ufunguo na riseti inaharibu ule ufunguo, kwa iyo mtu akikuomba hela azirudishe kutoka ndani ya simu usimpe. Lakini bado kuna sehemu za kutafuta. Kumbuka Gmail uliyokuwa nayo kwenye simu kabla ya riseti, nenda kwenye kompyuta yoyote fungua photos.google.com uingie kwa Gmail hiyo, watu wengi picha zilikuwa zinapanda wenyewe hawana habari. Kama simu ilikuwa na memori kadi, riseti ya kawaida haiigusi, ichomeke kwenye kompyuta uangalie folda zote. Kama ulikuwa na Telegram, ulichotuma huko kimebaki huko. Na kila picha ya baba uliyowahi kumtumia mtu kwa WhatsApp inaweza kuwa bado ipo kwenye simu ya huyo mtu, kwa iyo andika kwenye grupu la familia leo, waambie shangazi, wadogo zako, marafiki wa mzee, watafute kwenye simu zao na hata zile simu za zamani zilizozimwa kabatini. Kama kuna picha mliwahi kusafisha studio au ya msibani iliyochapishwa steshenari, wapitie, wakati mwingine faili bado lipo kwenye kompyuta yao. Wakikutumia waambie watume kama dokumenti, sio kama picha ya kawaida, WhatsApp inapunguza ubora wa picha ya kawaida na hizo unazitaka zikiwa kamili.